Ubeti wa Pili: Mkebe Mikononi mwa Mtani

Mkono wa Nkandu ulikuwa bado ndani ya sanduku la nguo la marehemu, umezama mpaka kwapani, tulipoisikia ile sauti mlangoni: "Unachokitafuta ninacho mimi, mwizi wa Kibemba."

Nkandu akageuka polepole. Msusi mzima wa soko la Chisokone, mwanamke anayeheshimika mji mzima wa Kitwe kwa misuko yake na kuogopwa kwa mdomo wake, amefumaniwa akipekua nguo za maiti siku ya mazishi.

Angekuwa mtu mwingine, Nkandu angetafuta uongo wa haraka. Lakini aliyesimama mlangoni ni mzee Jere, Mngoni mrefu mwenye kofia ya pama, mtani wa Wabemba wote wa mtaa ule. Mbele ya mtani uongo hauna kazi, maana yeye hata ukweli hauamini.

"Una nini wewe," alisema Nkandu, "zaidi ya harufu ya panya mnaowala Wangoni?"

"Mkebe," alisema Jere. "Wa bati, mviringo, umeandikwa maneno ubavuni. Nimeuteka asubuhi sandukuni humo, mkiwa mnalia."

Nkandu akauchomoa mkono sandukuni.

Msomaji uliyekosa gazeti wiki iliyopita, usihangaike, nitakubeba mgongoni mpaka hapa tulipo. Mama yake Nkandu, Felistas, ujanani aliimba mara moja tu katika televisheni, kwenye kipindi kilichoitwa Jioni ya Magitaa. Wimbo aliutunga mwenyewe, na haukuwahi kutiwa kwenye santuri. Sasa uzee umeanza kumwibia kumbukumbu. Ubeti wa kwanza bado anao. Anauimba vizuri kabisa, anafika mwisho, anakwama. Kisha anauliza: "Halafu?"

Anamuuliza binti yake. Anamuuliza muuza mkaa. Akikosa mtu, anauuliza ukuta, na jibu lisipokuja analia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Daktari amesema ugonjwa huo haurudi nyuma. Leo umekwenda ubeti wa pili, kesho utakwenda wa kwanza. Ndipo Nkandu akaapa kumrudishia mama yake ubeti wake kabla hajasahau kwamba aliwahi kuimba. Amehangaika Lusaka, Ndola, mpaka Luanshya. Kote aliambiwa vipindi vya zamani vilikwishafutwa, kanda zikarekodiwa mpira. Mtu mmoja tu, mzee Kalaba, mtunza filamu wa zamani, ndiye aliyemwambia: ninayo nyumbani, mama, njoo Jumatatu. Jumapili akafa.

Sasa mmefika. Tutoke twende uani.

Uani watu walikuwa wanakula nshima, ule ugali wa kwao, baada ya maziko. Jere akatangulia katikati yao, mkebe kaufunga kwa kamba kwenye mkono wa kushoto kama ngao, mkono wa kulia ameshika mwiko wa jikoni. Akaanza kucheza ngoma ya vita ya Kingoni, akiubamiza mkebe kwa mwiko. Kila alipoubamiza, Nkandu aliruka.

"Usiupige, Ba Jere," alisema, kwa ile Ba ya heshima. "Nakuomba. Ni kitu cha maana."

Hapo alikosea. Mtani humwambii kwamba kitu ni cha maana.

"Kina maana?" Jere akawageukia waombolezaji. "Mmesikia wenyewe. Basi bei imepanda."

"Taja unachotaka."

"Fedha sitaki. Fedha ya Mbemba inanuka tumbili mnaowala." Akaingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa kifurushi cha gazeti. Ndani yake kulikuwa na panya wa shamba watatu, wamekaushwa kwa chumvi, wamebanwa kwenye kijiti, kila mmoja na mkia wake. "Marehemu huyu nimemkaribisha chakula cha waungwana miaka yote, akakataa. Amekufa hajaonja. Kwa hiyo mmoja wenu Wabemba atakula kwa niaba yake. Ale panya mmoja hapa mbele za watu, amalize na mkia, ndipo mateka atoke."

Uwanja mzima ulicheka. Nkandu akamwangalia mjane aliyekuwa amekaa mkekani, macho yamemvimba.

"Mama, mwambie basi. Siku kama ya leo."

Mjane akajifuta kwa upande wa kitenge. Tangu Jumapili hakuwa ameinua uso. Sasa mabega yalikuwa yanamtikisika, na haikuwa kilio.

"Mwanangu," alisema, "mateka ni mateka. Na mume wangu angelipia kiingilio kuyaona haya. Kula."

Nkandu akatazama huku na huku. Miongoni mwa waombolezaji aliwaona wateja wake watatu, misuko yao ameisuka mwenyewe kwa ajili ya msiba. Kesho kabla ya saa tatu, Chisokone yote itakuwa na habari. Akafumba macho, akamfikiria mama yake anavyouuliza ukuta, akampokea panya.

Alianza na kichwa. Kikalia kama bisi.

"Tafuna," alisema Jere. "Usimmeze mzima kama dawa. Huyo ni mgeni wa heshima."

Nkandu akatafuna. Akaendelea mpaka mkia, akauvuta midomoni polepole huku anamkazia Jere macho, akameza. Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba ni arusi.

"Amepungua chumvi," alisema. "Leta mkebe."

Ukweli ni kwamba alikuwa mtamu. Jambo hilo Nkandu hajamwambia mtu hadi leo, na mimi nimewaambia ninyi tu.

Jere akaifungua ile kamba mkononi, lakini mkebe hakuutoa. Aliusogeza karibu na macho, akasoma yale maandishi ya ubavuni kwa mara ya kwanza. Jioni ya Magitaa. Felistas.

"Mke wangu yumo humu?" aliuliza.

Msishtuke. Jere humwita Felistas mke wangu tangu zamani, mbele ya watu, mbele ya marehemu mumewe Katongo, hata mbele ya padri. Mtani humwita mtani wake mke. Ni desturi, na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo.

"Yumo," alisema Nkandu.

"Na mwenyewe yuko wapi siku hizi? Kila nikipita saluni unaniambia amelala. Mwaka mzima mke wangu amelala? Mmemlisha nini?"

Nkandu akatazama chini. Alikuwa amemficha mama yake, na alimficha Jere kuliko mtu yeyote. Aliogopa ulimi wake. Jirani akimwona mtu amepotewa na akili atasikitika. Mtani atatunga kichekesho, kichekesho kitafika kanisani.

"Kesho alasiri, ukumbi wa parokia," alisema. "Ba Sinkala ana mashine ya kuonyeshea. Nipe mkebe wangu."

"Nitakuja nao mwenyewe. Mateka husindikizwa."

Na kweli, kesho yake alikuja nao, amevaa koti safi na kiatu kilichopigwa rangi. Sinkala, mzee mfupi aliyezunguka vijiji vyote vya jimbo akionyesha sinema enzi za ujana wake, alikuwa amekwisha kuziba madirisha kwa mablanketi. Mashine ilikuwa juu ya meza ya ubatizo. Alipofungua mkebe, harufu ya siki ikatoka, ile ya filamu iliyozeeka.

"Wabemba hata picha zao zinachacha," alisema Jere.

"Kaa kimya," alisema Nkandu, kisha akaenda mlangoni kumpokea mama yake.

Felistas aliingia taratibu, gauni la kanisani, kitambaa cheupe kichwani. Bado alikuwa mwanamke mzuri. Jere akasimama, akavuta pumzi, ile pumzi ya mtu mwenye tusi tamu tayari mdomoni.

"Mke wangu," alianza, "nimesikia umelala mpaka godoro limeomba talaka."

Felistas akamtazama. Akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mtu usiyemjua.

"Fundi," alisema, "redio imepona?"

Jere akaivua kofia. Alimtazama Nkandu, naye Nkandu akatazama pembeni. Mzee akaketi taratibu na kofia yake magotini.

"Tangu lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwaka sasa."

"Na hukuniambia."

"Ungecheka."



Felistas yeye hakuwa na habari nao. Alikuwa anaangalia shuka jeupe ukutani, na akaanza kuimba, kama anavyoimba kila alasiri:

*Waniita mke wako sokoni,*
*watu wote wakicheka;*
*nami nacheka nao sokoni,*
*nikifika nyumbani nanyamaza.*

Akasita. Kidole kikawa hewani. "Halafu?" alimuuliza Nkandu. "Halafu, dada?"

"Sasa hivi, mama. Sasa hivi utausikia mwenyewe. Ba Sinkala, washa."

Mashine ikaguna, ikakohoa, ikashika. Shukani kukatokea mikwaruzo, namba, kisha mwanga. Na huyo hapo, jamani, Felistas wa miaka ishirini na miwili, nywele amezitimua, gauni la maua, amesimama mbele ya mapazia, na nyuma yake wanaume wanne na magitaa yao.

Nkandu akashika mdomo. Alikuwa akijitazama mwenyewe, ila mwembamba.

Felistas wa shukani akafungua kinywa.

Kimya.

Midomo ilicheza, vidole vya wapigaji vikakimbia juu ya nyuzi, watazamaji wa studio wakapiga makofi, na ukumbini haikusikika ila mashine inayosaga.

"Ongeza sauti," alisema Nkandu.

"Nimeongeza mpaka mwisho."

"Ongeza, Ba Sinkala."

Sinkala akainama, akachungulia ukingo wa filamu kwa tochi, akaunyoosha mgongo wake. Alionekana kama mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba. "Mama, hakuna sauti humu. Zamani zile picha ilikuwa peke yake na sauti kwenye mkanda wake, kama mume na mke waliogombana, kila mtu na chumba chake. Uliyempata ni mmoja. Wa pili sijui alikolala."

Nkandu akakaa sakafuni. Miezi yote ile, mabasi yale yote, panya yule na mkia wake, amekuja kumpata mama yake bubu. Alilia bila kuficha. Nyuma yake Felistas alikuwa anaangalia mdomo wake mwenyewe ukitamka ubeti wa pili, maneno yale yale anayoyatafuta, na hakuweza kuyasikia. "Halafu?" alimuuliza yule msichana wa shukani. "Halafu?"

"Zima," alisema Nkandu.

"Usizime," alisema Jere.

Sauti yake ilimfanya Nkandu ainue uso. Jere alikuwa amesimama, anatazama shuka, lakini hakuwa anamtazama Felistas. Alikuwa anamtazama mpigaji wa pili kutoka kushoto, kijana mrefu mwembamba, amekunja shingo, macho yake yamegandia kwenye nyuzi kama mtu anayevuka mto kwa kamba.

Nkandu akamtazama yule kijana. Akamtazama Jere. Akarudia.

"Ni wewe," alisema.

"Mpigaji wao alilewa siku ile. Nilikuwa nimepeleka mahindi jirani na studio, wakaniuliza kama najua gitaa. Nikasema najua. Nilijua nusu."

"Ulikuwepo." Nkandu alisimama. Machozi yalikuwa yamekauka ghafla. "Ulipiga wimbo huu. Unaujua ubeti wa pili."

"Naujua."

"Nimekwenda Lusaka. Nimekwenda Ndola. Nimelala kituo cha basi Luanshya nikiutafuta ubeti huu, na wewe kila Ijumaa unakaa mbele ya saluni yangu unanitukania nywele, na unao mdomoni. Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza."

Nkandu alijua ni kweli. Aliwauliza maprofesa na madereva wa malori. Aliwauliza watu asiowajua majina. Hakumuuliza Jere, maana nani anampelekea mtani jambo la kweli? Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini hawakusema kitu kuhusu kumuuliza Mngoni.

"Basi nakuuliza," alisema. "Uimbe."

Jere hakuimba. Alinyoosha kidole kwenye shuka.

"Tazama kwanza. Mimi siku ile sikuona. Gitaa halikuwa langu, niliogopa kukata nyuzi, sikuinua macho hata mara moja. Niliyasikia maneno tu. Na watu walikuwa wanacheka, nami nikacheka. Nilidhani ni utani."

Nkandu akatazama. Felistas wa shukani alikuwa anaurudia ubeti wa pili. Mtangazaji alikuwa anamwonyesha kwa mkono ageukie kamera, naye hageuki. Amempa kamera bega. Anamwimbia mpigaji wa pili kutoka kushoto, yule aliyeinamia nyuzi, na usoni mwake hakuna kicheko hata kidogo. Pengine kukiwa na muziki na makofi mtu angepitwa. Katika ukimya ule hata mtoto angeelewa.

Filamu ikaisha, mkia wake ukawa unapiga meza. Sinkala akaiacha ipige.

"Mwaka uliofuata akaolewa na baba yako," alisema Jere. "Katongo alikuwa mtu mwema. Tulikunywa naye pombe, nikimwita mkewe mke wangu, akicheka. Sikumnyang'anya kitu. Sikujua kama kulikuwa na kitu." Alikuwa ameikunja kofia mpaka ukingo umeharibika. "Nikiuimba ubeti huo leo, Nkandu, hautakuwa utani tena. Ndiyo maana nakuuliza wewe, mtoto wa Katongo. Niuimbe?"

Hapo Nkandu aliumia kwelikweli. Alimkumbuka baba yake, mchimba shaba asiyejua kuimba, aliyeitengeneza baiskeli ya mama kila Jumapili na hakuwahi kupandisha sauti. Kumrudishia mama ubeti wake ni kumrudisha mahali ambapo baba hayupo. Alitamani Jere atoe mzaha wowote, hata wa tumbili, mambo yarudi yalivyokuwa jana.

"Halafu?" aliuliza Felistas. Safari hii aliuliza taratibu mno, kama mtu anayeanza kuchoka kuuliza.

"Imba," alisema Nkandu.

Jere hakuwa na sauti nzuri. Aliimba kama mzee anayetembea gizani, neno moja, kisha la pili:

*Uje siku moja peke yako,*
*utani uuache njiani;*
*ukibisha hodi bila utani,*
*mlango utaukuta wazi.*

Kwenye mstari wa pili Felistas aligeuza kichwa. Kwenye wa tatu midomo yake ilianza kumfuata. Wa nne aliuchukua wote peke yake, Jere akamwachia, Felistas akarudi mwanzo wa wimbo, akaimba beti zote mbili bila kusita popote, sauti ile ile, mpaka ukumbi wa parokia ukajaa. Alipomaliza, Nkandu alisubiri lile swali la kila siku.

Halikuja. Mama yake alikuwa ametulia, mikono mapajani, na uso wake umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Sinkala alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha kupangusia mashine, na grisi ikampaka mashavu yote mawili.

"Jere," alisema Felistas.

Kwa mwaka mzima hakuwa amemwita mtu jina lake la kweli. Nkandu alishika ukingo wa meza.

"Naam, Felistas."

"Umechelewa, Mngoni wewe. Ulikuwa unatega panya?" Akamtazama koti, akamtazama kiatu kilichopigwa rangi. "Haya niambie. Leo umekuja na utani, au umekuja bila utani?"

Jere akaiweka kofia juu ya meza ya ubatizo. Akakohoa. Kisha akamgeukia Nkandu.

"Binti," alisema, "wewe na Sinkala mtupishe kidogo."

"Sitoki," alisema Nkandu, mtoto wa Katongo, akavuta kiti, akaketi kati yao.